Risasi 310 kwenye udongo: nishike kikomo kipi?

Mwana_Jembe

Wakuu, habari zenu. Mwaka jana nilinunua kiwanja, nyumba mbele na nafasi ya bustani ya mboga nyuma. Nilikuwa nimeshalipa ndipo jirani akaniambia kwamba kabla ya mkulima aliyeniuzia, hapo palikuwa na karakana ya kuvunja betri za magari na kuyeyusha risasi. Nikachukua udongo nikapeleka maabara. Majibu ni haya, yote miligramu kwa kilo:

Risasi 310. Kadimiamu 1.1. Shaba 41. Zinki 128. Aseniki 9. Halafu pH 5.4, mfinyanzi asilimia 8, mboji asilimia 3.

Pembeni kuna safu imeandikwa "Kikomo cha WHO": risasi 85, kadimiamu 0.8, shaba 36, zinki 50. Kwa hiyo vyote vinne vimegongwa muhuri mwekundu, IMEZIDI. Nikampelekea mtaalamu mmoja wa mazingira, akacheka, akasema Marekani ni 400, lima tu. Mwingine akasema hiyo 400 ni ya zamani, sasa ni 200. Nikaingia mtandaoni nikakuta Kanada 140, Uholanzi 530, na Ujerumani ina 200, 400, 1,000 na 2,000, zote za risasi, nchi moja!

Nina mtoto wa miaka mitatu ambaye kila anachookota kinaishia mdomoni. Nauliza hivi: 310 ni nyingi au si nyingi? Nishike kikomo kipi?

Kobe_Mtaratibu

Ikizidi imezidi mkuu. Uza, tafuta kwingine.

Mwana_Jembe

Nimuuzie nani? Mwenye mtoto mwingine?

Bibi_Chekeche

Mwanangu, nimefanya kazi ya maabara ya udongo miaka 26. Nimestaafu, magoti hayapo, macho bado yapo. Nianze na hiyo safu ya "WHO" kwa sababu nina deni nayo.

WHO haina kikomo cha risasi kwenye udongo. Ina mwongozo wa maji ya kunywa: risasi mikrogramu 10 kwa lita, kadimiamu 3, aseniki 10. Ina mwongozo wa damu: tangu 2021 inasema mtu akikutwa na mikrogramu 5 za risasi kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Udongo haumo. Ile 85, ile 0.8 na ile 36 ni namba za Uholanzi, zile walizoziita thamani lengwa. Mtu fulani alizinakili akaandika WHO juu yake, mwingine akanakili kwa yule, na sasa ziko kwenye tasnifu za wanafunzi dunia nzima.

Na kwetu aliyeichapa safu hiyo kwenye fomu ya majibu ni mimi. Nilipewa jedwali na mkubwa wangu, nikalichapa, likakaa miaka minane hivi. Siku moja akaja mteja, mzee mkimya, akauliza, "Hii imo kwenye chapisho gani la WHO, ukurasa wa ngapi?" Nilitafuta wiki nzima. Sikurudi na ukurasa, nilirudi na aibu.

Sasa angalia namba zenyewe, maana ndani yake kuna kitu ambacho muhuri mwekundu umekuficha. Hiyo 85 haikushuka kutoka mbinguni. Waholanzi waliikokotoa hivi: chukua 50, ongeza asilimia ya mfinyanzi, ongeza asilimia ya mboji. Udongo wao wa mfano una mfinyanzi 25 na mboji 10. Hamsini na ishirini na tano na kumi, 85. Udongo wako una mfinyanzi 8 na mboji 3, kwa hiyo thamani lengwa yako si 85, ni 61. Udongo mwepesi unashika kidogo, unaachia kirahisi, basi na kizingiti chake kinashuka. Zinki nayo ni hivyo hivyo: 50, jumlisha moja na nusu mara (mfinyanzi mara mbili na mboji). Kwa udongo wa mfano inatoka 140. Maabara yako imeandika 50. Nina dhana kwamba aliyenakili aliibeba ile 50 ya mwanzo akaziacha nyingine njiani, lakini hiyo ni dhana ya mzee.

Na thamani lengwa maana yake nini? Maana yake ni udongo ambao haujaguswa, unaoweza kufanya kazi zake zote. Kuzidi hapo ni kusema tu kwamba kuna kitu kimeongezeka. Kipimo chao cha kusema "hapa sasa pana tatizo kubwa" ni kingine, thamani ya kuingilia kati, nayo ndiyo hiyo 530 uliyoiona. Kwa udongo wako inashuka hadi 380 hivi. Na hata hapo hawaitumii kwa ndoo moja ya udongo: wanataka wastani wa meta za ujazo 25 uwe umezidi. Kati ya hizo mbili walikuwa na nusu ya njia, ambapo ukifika unatakiwa uchunguze zaidi. Jumlisha 61 na 380, gawa kwa mbili: 220. Wewe uko 310. Kwa hesabu ya Uholanzi basi, hujafika pa kuingilia kati, ila umeshapita pa kuchunguza.

Ujerumani uliyoshangaa nayo ndiyo inayofundisha vizuri kuliko zote. 200 ni pale watoto wanapochezea. 400 ni makazi. 1,000 ni bustani za kupumzikia. 2,000 ni viwanda. Madini ni yale yale, sumu ni ile ile. Kinachobadilika ni nani anaweka mkono wapi na mara ngapi. Ukisoma kikomo chochote, kabla ya namba tafuta sentensi inayosema ni kwa ajili ya nani. Kanada vivyo hivyo: shamba 70, makazi 140, biashara 260, viwanda 600.

Marekani: 400 ilikuwa ya 1994. Januari 2024 wakashusha hadi 200 kwa makazi. Na hiyo si amri ya kusafisha, ni chekeche. Ukizidi, unaangaliwa kwa karibu. Yule mtaalamu aliyekucheka alikuwa na namba iliyopitwa na wakati, na hata hiyo aliisoma vibaya. Kuwa chini ya chekeche si ruhusa ya kulima.

Kabla sijasema neno kuhusu mtoto, nijibu haya: ulichukua sampuli ngapi, kutoka wapi, kina gani? Na maabara iliandika uzito mkavu au mbichi? Iliyeyusha kwa asidi kali au ilitumia kimumunyo chepesi?

Mwana_Jembe

Shikamoo Bibi. Nilichimba mashimo 12, kila moja sentimeta 30, nikachanganya yote kwenye ndoo, nikapeleka kilo moja. Maabara wameandika "uzito mkavu" na "asidi ya nitriki na hidrokloriki".

Bibi_Chekeche

Marahaba. Maabara basi haina neno: uzito mkavu, na asidi mbili hizo ndizo zinazokubalika kwa kupima risasi yote, hivyo namba yako inaweza kulinganishwa na vikomo hivyo. (Kimumunyo chepesi, kile cha kupima kinachofikiwa na mizizi, kingekupa namba ndogo mno, na watu wanailinganisha na 400 wanashangilia.)

Ndoo ndiyo mbaya.

Fanya hesabu na mimi. Tuseme mashimo 11 yana risasi 25 tu, udongo wa kawaida kabisa. Shimo la kumi na mbili liko pale walipokuwa wanavunja betri, lina 3,445. Jumla 3,720, gawa kwa 12: 310. Ndiyo namba yako hiyo hiyo. Sasa tuseme badala yake kila shimo lina 310 kamili. Ndoo inatoa 310 pia. Hayo ni maeneo mawili tofauti kabisa. La kwanza lina kona moja ya hatari na eneo zima safi, la pili halina pa kukimbilia. Maabara haiwezi kukuambia uko kwenye lipi, hata ikitumia mashine ya fedha nyingi kiasi gani. Umeshalifuta jibu kwa koleo.

Kina nacho. Risasi ikidondoka juu haishuki haraka, inashikwa na mboji na mfinyanzi kwenye sentimeta chache za juu. Kama yote iko kwenye sentimeta 5 za juu na chini yake ni 20, basi wastani wa 310 kwa sentimeta 30 unatoka kwenye ngozi ya juu yenye 1,760. Mtoto hali wastani wa sentimeta 30. Anakula ngozi ya juu. Ndiyo maana Wajerumani kwenye viwanja vya kuchezea wanapima sentimeta 10 za juu, na kwenye bustani ya mboga ndipo wanachukua 30, kina cha jembe. Ila kama mkulima aliyekuuzia alilima na kugeuza, hiyo ngozi imeshachanganywa. Muulize.

Rudi na mashimo yale yale 12, kila moja mfuko wake, sentimeta 5 za juu. Chora ramani, andika namba kwenye mfuko. Na omba maabara wachekeche kwa tundu la mikroni 150 badala ya milimita 2 waliyoizoea. Vumbi laini ndilo linaloganda kwenye vidole, na mara nyingi ndilo lililobeba risasi nyingi zaidi.

Kemia_Kidogo

Mbona mzunguko wote huu? Kuna kile kipima cha mkononi cha eksirei, unakielekeza chini kama bastola, sekunde sitini unapata risasi, aseniki, zinki, kila kitu. Akikodi siku moja anapima sehemu mia.

Bibi_Chekeche

Wazo zuri, na kwa kutafuta kona mbaya nakubali kabisa, mia moja za kukadiria zinashinda kumi na mbili za uhakika. Mambo mawili tu. Udongo uwe mkavu, maana maji yanashusha namba. Na aseniki usiiamini penye risasi nyingi: mistari yao ya eksirei imekaliana, 10.54 na 10.55, kifaa hakitofautishi, risasi inajifanya aseniki. Kadimiamu ya 1.1 kifaa hicho hakitaiona kabisa.

Mpima_Mipaka

Bibi umeongea vizuri, ila naomba niongeze upande wa sheria maana hapa watu wanachagua nchi kama wanachagua shati. Kama nchi yake ina kanuni zake za ubora wa udongo zilizochapishwa, hizo ndizo zinazomfunga yeye na aliyemuuzia. Uholanzi na Ujerumani haziendi mahakamani kwake. Na sampuli aliyochimba mwenyewe akaichanganya kwenye ndoo, upande wa pili utaitupa asubuhi na mapema. Akitaka kudai fedha yake, achukuliwe sampuli na mtu mwenye kibali, mifuko ifungwe kwa lakiri, kila anayeipokea asaini.

Bibi_Chekeche

Kweli tupu. Kanuni ya nchi yake ndiyo inayotoa hukumu. Mimi namsaidia aelewe nini anakanyaga. Hayo ni maswali mawili, na mtoto halisubiri lile la mahakama.

Mwana_Jembe

Mkulima nimemuuliza. Anasema ile kona ya ukuta hakuwahi kuilima, "haioti kitu". Kwingine alilima na kutia mbolea ya fosfeti kila msimu. Bibi, kadimiamu je? Umeiruka.

Bibi_Chekeche

Sikuiruka, niliiweka akiba. Watu wanaogopa risasi kwa sababu ina namba kubwa, kumbe kwenye sahani kadimiamu ndiyo mjanja.

Risasi mmea hauitaki. Nyingi inabaki kwenye mizizi, na inayokutwa kwenye jani mara nyingi ni tope lililoruka wakati wa mvua. Ioshe, inapungua. Kadimiamu inapanda na maji hadi jani, huwezi kuiosha kwa sababu imo ndani. Na inapanda zaidi udongo ukiwa mchachu. Wewe una 5.4. Ndiyo maana Wachina kwenye kanuni yao ya mashamba ya 2018 hawakuandika kikomo kimoja. Kwa shamba lisilo la mpunga, pH ikiwa 5.5 au chini, kadimiamu 0.3 na risasi 70. Ikipita 7.5, kadimiamu 0.6 na risasi 170. Udongo huo huo, ukitiwa chokaa, unahamia kwenye mstari mwingine wa jedwali! Ulaya kwenye sheria ya tope la majitaka ya 1986 waliweka kadimiamu kati ya 1 na 3, kwa udongo wa pH 6 hadi 7. Wajerumani: kiwanja cha kuchezea 10, lakini kama ni bustani ya nyumbani ambamo watoto wanacheza na mboga zinaliwa, 2. Kumi inateremka hadi mbili kwa sababu ya mboga tu.

Kwa hiyo 1.1 yako kwenye pH 5.4 ni ya kuangaliwa. Sidhani hata ni ya betri zile, betri za gari ni risasi na asidi. Mbolea ya fosfeti ina kadimiamu ya asili kutoka kwenye mwamba, kiasi kwamba Ulaya wameiwekea kikomo, miligramu 60 kwa kilo ya fosfeti. Misimu mingi ya mbolea, nawe una jibu. Maana yake pia ni kwamba kadimiamu imesambaa kote, hutaikuta kwenye kona moja.

Tia chokaa, polepole, hadi pH ifike 6.5. Ongeza mboji. Usishangae ukipima tena na kukuta 1.1 ile ile. Chokaa haiondoi chembe hata moja, inaifunga tu isipande. Ukitaka kujua kama imefanya kazi, pima jani, usipime udongo. Kwa mboga za majani Codex, vile viwango vya kimataifa vya chakula, ina kadimiamu 0.2 na risasi 0.3, miligramu kwa kilo ya mboga mbichi. Na anza na mboga za matunda, nyanya na bamia, kabla ya majani. Tunda linapokea kidogo kuliko jani.

Aseniki 9 achana nayo. Udongo mwingi duniani una kiasi hicho bila mkono wa mtu. Shaba na zinki ulizonazo zinaudhi mmea kabla hazijakuudhi wewe, na hazijafika huko.

Mwana_Jembe

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Mifuko 12, sentimeta 5 za juu, chekeche ya mikroni 150. Tisa ziko kati ya 24 na 61. Mbili za kando ya ukuta: 240 na 415. Ile ya kona: 6,800. Nilisoma mara mbili nikidhani nukta imepotea.

Kobe_Mtaratibu

Duh. Nafuta "uza".

Bibi_Chekeche

Haijapotea. Hapo walikuwa wanapasua na kumwaga.

Sasa huna haja ya kubishana kuhusu kikomo kipi. 6,800 inazidi kila jedwali uliloleta, hata la viwanda vya Ujerumani, zaidi ya mara tatu. Na zile tisa hazizidi jedwali lolote, hata la mashamba ya Kanada. Zinazobaki na mjadala ni zile mbili za ukutani, na hizo nakushauri uzihesabu upande wa kona.

Kona usiichimbe mwenyewe. Najua koleo linakuwasha mkono. Ukichimba unarusha vumbi, na ukishaupakia huo udongo unakuwa taka ya hatari, una sheria zake za kubebwa na mahali pa kutupwa. Ifunike leo kwa turubai nzito, weka kokoto juu, zungushia uzio ambao mtoto hawezi kupita. Kisha peleka ramani na majibu kwa mamlaka ya mazingira, na yule wa sampuli zenye lakiri aje sasa, kabla ya mvua kusogeza chochote. Aongeze mashimo kuzunguka kona, kila meta moja, na ashuke chini: sentimeta 5, 20, 50. Usipojua mwisho wa doa hujui unaondoa nini.

Mtoto apimwe damu. Usisubiri dalili, risasi kwa kiasi kidogo haina dalili ya kuonekana. Wakikuambia iko chini ya 5 usitupe karatasi, rudia baada ya miezi michache ulinganishe. Viatu vya bustani viachwe nje, sakafu ipigwe deki kwa maji, msifagie pakavu.

Mwana_Jembe

Turubai limewekwa leo mchana. Damu tumechukua, majibu Alhamisi. Bibi, swali la kijinga: mbwa je? Amezoea kulala kwenye ile kona, ndipo pana jua asubuhi.

Bibi_Chekeche

Si la kijinga hata kidogo, nilipaswa kuuliza mimi. Mbwa ndiye anayekubebea kona hadi ndani kwenye zulia. Mhamishie upande mwingine leo, mwoshe vizuri, wewe ukiwa umevaa glavu, kabla mtoto hajamkumbatia tena. Na zulia lile analolalia litoe, usilikung'ute.